Nilipata Alama 24 kwa Magofu Ambayo Sijawahi Kuyaona

Mwaka wangu wa pili chuoni niliandika ripoti ya kurasa kumi na mbili kuhusu magofu ya Gedi. Nilieleza jinsi kuta za msikiti mkuu zilivyokuwa na ubaridi asubuhi, jinsi kima walivyorukaruka juu ya vichwa vyetu, na jinsi nilivyosimama mbele ya lile kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 kwa kalenda ya ukutani kwetu, mwili ukanisisimka. Nilipata alama 24 kati ya 30. Rafiki yangu tuliyelala naye chumba kimoja, ambaye alienda kweli, akaumwa na siafu kweli, akatapika kweli ndani ya basi kutoka Mtito Andei hadi Voi, alipata 17.

Sijawahi kufika Gedi. Pwani yenyewe sijawahi kufika. Siku basi la chuo linaondoka, mimi nilikuwa nyuma ya hosteli nafua nguo, kwa sababu ada ya safari ilikuwa shilingi 8,500 na kwenye simu nilikuwa na 600. Sisi tuliokosa pesa, kumi na wanne hivi, tuliambiwa tuandike "kwa kutumia maktaba". Maktaba gani? Nilinunua bando la shilingi 50, nikasoma usiku kucha, na ule ubaridi wa ukuta nikaubuni mwenyewe karibu saa tisa usiku.

Naandika haya kwa hasira, na hasira yenyewe imechelewa miaka minne. Chuo sitakitaja jina, kwanza kwa sababu bado kina cheti changu cha sekondari kwenye faili, pili kwa sababu najua si hicho peke yake. Idara inayoweza kumpa alama nzuri mtu ambaye hakwenda, kwa ripoti ileile, kwa kipimo kilekile, imeshakiri yenyewe kwamba kwenda hakukuwa na maana. Safari ilikuwa picnic. Magofu yalikuwa mandhari ya kupigia picha. Daktari akiniambia alifaulu mtihani wa upasuaji bila kuona damu, mimi nitashuka kitandani na kukimbia na tumbo langu wazi. Lakini mwalimu wa historia ambaye hajawahi kugusa jiwe lililowekwa na mkono wa mtu aliyekufa miaka mia nne iliyopita, huyo tunampa darasa la watoto hamsini na tunamwambia afundishe "vyanzo vya historia".

Na hao watoto najua wanachofundishwa, maana nilikuwa mmoja wao. Kidato cha kwanza tuliimba: Olorgesailie, Kariandusi, Hyrax Hill, Gedi, Rusinga. Tukifika kwetu Abagusii, tuliimba tena: Mlima Elgon, Goye kule Yimbo, Kisumu, nyanda za Kano, Kabianga, halafu milima ya Kisii. Ukisikiliza vizuri ni kama kondakta anaita vituo vya matatu. Walishuka wapi, walilala ndani ya nini, waliacha nini nyuma, nani alikuwa anawafukuza, hakuna aliyeuliza. KCSE haikuuliza. William Ochieng' aliandika kitabu kizima kuhusu historia ya Wagusii kabla ya ukoloni, kilitoka 1974, na mimi nilimaliza sekondari katikati ya Kisii bila kukiona hata jalada lake. Nilikiona chuoni. Kilikuwa kwenye rafu ya vitabu visivyotolewa nje.

Kuna mzaha ambao kila Mkisii aliyesoma nje ya Kisii ameusikia. Mwenzangu wa darasani alinitupia mbele ya watu: nyinyi kwenu kuna nini cha kale, si ni ndizi tu na mawe ya sabuni ya Tabaka? Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia. Hiyo ndiyo inaniuma, kwamba nilicheka, kwa sababu sikuwa na jibu. Nilikuwa nasomea shahada ya historia na kwa akili yangu mwenyewe historia ilikuwa kitu cha Pwani: matumbawe, misikiti, vyombo vya China, shanga. Kitu kilichokuja kwa jahazi. Sisi wa bara, tena wa kilimani, tulikuwa na hadithi za bibi tu.

Sina ugomvi na Gedi. James Kirkman alichimba pale kuanzia 1948, miaka kumi, na walichotoa ardhini ni cha kustaajabisha. Mwaka 2024 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia, kwenye mkutano uliofanyika New Delhi, na nilifurahi kama Mkenya yeyote. Ugomvi wangu ni na basi. Chuo chetu kiko upande huu wa Bonde la Ufa. Kwenda Gedi lilihitaji usiku mzima na nusu ya siku. Kwenda Thimlich Ohinga, kule Migori, ambayo iliingia kwenye orodha hiyohiyo ya UNESCO mwaka 2018, miaka sita kabla ya Gedi, tungeondoka alfajiri na kurudi usiku, kwa mkate na soda. Hata mimi na mia sita yangu ningechanga. Hakuna aliyelifikiria. Safari ya masomo bila bahari, nani angelipa?

Niliacha chuo mwaka wa tatu, salio la karo likiwa limeshanipita kimo. Hiyo si hadithi ya leo. Ya leo ni kwamba nilirudi nyumbani Nyamira na kuanza kazi wanayofanya vijana wengi wa rika langu ambao wana Kiingereza na hawana ajira: kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Najua wengine mtanihukumu. Hukumuni. Unga unanunuliwa.

Sasa usiku mmoja ikaja kazi. Mwanafunzi, sijui wa wapi, alitakiwa kuandika maneno 900 kuhusu siku yake ya kwanza kutembelea magofu ya mahekalu ya kale nchini India. Alichagua Hampi, jimbo la Karnataka. Alitaka "hisia za kweli". Nikasoma. Mji mkuu wa dola ya Vijayanagara, uliovunjwa mwaka 1565 baada ya vita, umekaa kando ya mto Tungabhadra. Kuna gari la farasi lililochongwa kwa mawe mbele ya hekalu la Vittala. Na hekalu la Virupaksha bado watu wanasali ndani yake hadi leo, katikati ya magofu, na mbuzi wanapita. Hilo la mwisho lilinipendeza sana. Nikaanza kuandika. Nikafika mahali pa kugusa ukuta, na mkono wangu wenyewe ukaandika kwamba ukuta ulikuwa na ubaridi.

Nikaacha. Nilikaa pale kitandani na simu kwenye paja nikiona aibu ambayo sikuwa nimeiona hata siku ile nilipopewa 24. Nimebuni siku ya kwanza Gedi, nabuni siku ya kwanza India, na siku ya kwanza yangu mwenyewe bado haijafika. Kazi niliimaliza, nilihitaji pesa. Zilipoingia, karibu shilingi 1,400, sikulipa deni la duka. Jumamosi yake nilipanda matatu stendi ya Kisii.

Matatu hadi Migori, nyingine tena, halafu boda kwenye barabara ya vumbi ambayo ilinirudisha nyumbani nikiwa na rangi ya tofali. Njiani hakuna basi la shule nililopishana nalo. Getini palikuwa na mzee mmoja. Akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Kisii, Nyamira ile. Akacheka.

"Basi, nyara, umekuja kuona kwenu."

Sikumwelewa wakati huo. Nilidhani ni maneno ya kukaribisha wageni.

Picha hazisemi kitu kuhusu Thimlich Ohinga. Kwenye picha ni mawe yaliyopangwa. Ukiwa pale, kwanza unaona urefu: kuna mahali ukuta umefika mita nne na nusu, na chini una unene wa karibu mita moja, na hakuna saruji, hakuna udongo, hakuna kitu chochote kilichoshikilia ila uzito na akili. Mzee alinionyesha jinsi ilivyofanywa. Kuna uso wa nje wa mawe makubwa, kuna uso wa ndani wa mawe makubwa, na katikati wamejaza mawe madogo yanayobana pande zote mbili. Hakuna jiwe lililochongwa. Kila moja lilichaguliwa jinsi lilivyo, likageuzwageuzwa mpaka likakaa. Miaka mia nne na zaidi, mvua za ziwa, ng'ombe, mizizi, na bado zimesimama. Nyumba ya mwalimu mkuu wa shule yangu ya msingi ilipasuka ukuta baada ya miaka sita.

Lango ni fupi. Lazima uiname, uingie kichwa mbele. Niliinama na nikaelewa kwa mgongo wangu kitu ambacho hakuna mhadhiri angenielewesha kwa projekta: ukiingia hivyo, mtu aliye ndani na rungu ana muda wote duniani. Waliojenga hapa walikuwa wanaogopa. Watu wenye mifugo, wenye watoto, wenye majirani wanaokuja usiku. Ndani kuna alama za mazizi, kuna mahali nyumba zilikaa, kuna mwinuko wa mlinzi kusimama akaona mbali. Kuna mahali pa kufulia chuma. Na juu ya mwamba mmoja kuna mashimo ya mchezo wa bao yaliyochimbwa kwenye jiwe lenyewe, safu kwa safu. Niliweka kidole ndani ya shimo. Likakitosha. Mtu alikaa hapa jioni, ng'ombe wakiwa ndani na lango likiwa limefungwa, akacheza, akashindwa labda, akanuna.

Halafu nikaweka kiganja changu ukutani.

Ulikuwa na joto. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Migori, jiwe lilikuwa limeshiba moto na lilikuwa linautoa polepole, na mijusi walikuwa wamelala juu yake kama watu walio likizo. Nilicheka peke yangu hadi mzee akanitazama. Alama 24!

Nilishinda pale karibu saa tano. Sikuwa nimesajiliwa popote, sikuwa na kitambulisho cha chuo, na hiyo ndiyo siku ya kwanza nilikuwa mwanafunzi wa historia. Mzee alijibu kila swali, na mengine akanirudishia. Nikamuuliza nani alijenga. Hapo ndipo akaniambia kuhusu kuja kuona kwetu.

Jibu lenyewe ni hili, na wanaakiolojia waliofanya kazi pale wanalisema: mahali hapo pamekaliwa kwa zamu. Wabantu na Waniloti, kundi moja likiondoka lingine likiingia, likikarabati kuta, likiongeza zake, hadi wakaaji wa mwisho walipoondoka karne iliyopita. Jina ni la Kijaluo. Mbinu imepita mikono mingi. Na si boma moja. Kusini mwa Nyanza kumehesabiwa maboma ya aina hiyo zaidi ya mia moja. Thimlich ni lile lililobahatika kuhifadhiwa na kupata geti.

Niliporudi niliandika haya kwenye ukurasa wangu, na nikafunguliwa moto pande zote mbili. Wajaluo wengine waliniambia niache kuiba urithi wa watu. Wakisii wengine, na hawa waliniudhi zaidi kwa sababu walidhani wananitetea, waliandika kwamba hayo mawe ni yetu, Wajaluo walitunyang'anya, turudishiwe. Turudishiwe nini? Ukuta? Tuubebe kwa canter?

Angalieni tunachofanya. Wazungu wa Rhodesia waliangalia Great Zimbabwe wakasema haiwezekani, lazima ni Wafoinike, lazima ni Waarabu, lazima ni Malkia wa Sheba, mtu yeyote ila Waafrika wanaoishi hapo. Ilihitajika Gertrude Caton-Thompson aende kuchimba mwaka 1929 na kusema kile ambacho majirani wa mawe hayo walikuwa wanakijua. Gedi nayo kwa miaka mingi ilisemwa ni mji wa Waarabu. Tumefundishwa kuchukia ujinga huo, na tuna haki. Sasa sisi wenyewe tunafika kwenye ukuta ambao ushahidi wake wote unasema "walikaa huku, wakaondoka, wakaja wengine, wakautunza", na swali letu la kwanza ni kabila la fundi. Jiwe la chini liliwekwa na babu wa nani, la juu na babu wa nani. Hapo kwenye kujaza katikati, na yale mawe madogo, tutapiga kura?

Na kuna upuuzi mwingine ndani ya huo. Wakati tunagombania ukuta wa Migori, wa kwetu unakwisha.

Kwa Ekegusii kuna neno *orwaki*. Bibi yangu, Magokoro, alikuwa analitumia kwa ua wa kawaida wa mimea, lakini alikuwa na matumizi mengine. Nyuma ya shamba letu, chini ya ukingo wa Manga, kulikuwa na tuta refu la udongo, limepinda kama upinde, na mtaro ulioshindiliwa na majani upande wa nje. Hatungeruhusiwa kulima juu yake. "Hiyo ni orwaki," alikuwa anasema, "ya wakati wa vita vya ng'ombe." Tukamsikia kama tunavyowasikia wazee, yaani hatukumsikia. Kwangu lilikuwa tuta la kutelezea na kipande cha jerikeni.

Wagusii hawakuwa na mawe ya Kadem kila mahali. Walikuwa na udongo, miti, na majirani wenye mikuki kama wao: Wakipsigis upande ule, Wamaasai upande huu. Walijenga kwa walichokuwa nacho, kuta za udongo na mitaro kuzunguka makazi. Vijana walikaa kwenye *ebisarate*, kambi za ng'ombe, na silaha zao, mpaka serikali ya Waingereza ilipozivunja miaka ya 1910 kwa sababu vijana wenye mikuki waliokaa pamoja walikuwa tishio. Baada ya yale ya 1905 na 1908 unaelewa waliogopa nini. Kila mwanasiasa wetu akishika maikrofoni anamtaja Otenyo aliyemchoma Northcote mkuki mwaka 1908, na kichwa chake kinachosemekana kilipelekwa Uingereza. Vizuri. (Northcote alipona, akaja kuwa gavana wa Hong Kong. Mikuki ina bahati zake.) Lakini ni nani kati yao amewahi kuuliza kambi alizotoka Otenyo na wenzake zilikuwa wapi, ziko kwenye ploti ya nani sasa, na kama kuna hata jiwe limewekwa? Kichwa kilicho mbali ni rahisi kukidai. Tuta lililo nyuma ya choo cha jirani linahitaji uende ukazungumze na jirani.

Niliporudi kutoka Migori nilienda moja kwa moja nyuma ya shamba, hata viatu sikuvua. Magokoro alikuwa amefariki 2021. Tuta lilikuwa limebaki hatua kumi na sita. Nakumbuka nikiwa mtoto lilikuwa zaidi ya arobaini, kwa hatua zangu fupi za wakati huo.

Baba mdogo anafyatua matofali. Udongo wa lile tuta ni mzuri, umetulia miaka, hauna mawe. Alianza kuukata muda mrefu uliopita, kidogo kidogo, na Magokoro alipozidiwa na uzee hakukuwa na wa kumzuia. Nilimkuta kwenye tanuri akipanga kuni za mkaratusi. Nikaanza kumhubiria. Thimlich, UNESCO, mita nne na nusu, akina nani walikaa hapa. Nilikuwa na sauti ya mtu aliyeokoka juzi. Alinisikiliza hadi mwisho, ni mtu mwenye subira, kisha akasema:

"Moraa, karo yako ya mwaka wa kwanza unadhani ilitoka wapi?"

Sikuwa nimejua. Wallahi sikujua. Niliambiwa wakati huo ni pesa za chama. Matofali elfu kadhaa ya ile orwaki yalichomwa na kuuzwa ili mimi niende chuoni nikasome historia, na chuo kikanifundisha kubuni ubaridi wa ukuta wa Gedi.

Kwa hiyo mnaosema kwamba tumbo halijui magofu, nawasikia. Siwezi kumwambia mtu mwenye robo eka na watoto watano kwamba udongo wake ni urithi wa taifa, kisha niende zangu. Kisii na Nyamira ni mahali ambapo ndugu wanapelekana kortini kwa mstari mmoja wa chai. Lakini hoja hiyo inatumiwa na watu ambao matumbo yao yamejaa. Baba mdogo ana sababu. Kaunti haina.

Fungua Katiba, Jedwali la Nne, sehemu ya kazi za kaunti. Makumbusho yamo. Yameandikwa wazi, kwenye kifungu kimoja na maktaba, leseni za pombe, na kamari. Nenda mji wa Kisii au Nyamira ujionee ni kipi kwenye orodha hiyo kimetekelezwa kwa bidii. Pombe ina ofisi, ina maafisa, ina msako. Kaunti zetu mbili zimegombania Keroka miaka nenda miaka rudi, mpaka uko wapi, ushuru wa soko ni wa nani, mawakili wamelipwa. Hakuna hata siku moja nimesikia zimegombania orwaki. Laiti zingegombania! Angalau tungejua ziko ngapi.

Sisemi wajenge jumba la vioo. Kazi ya kwanza haihitaji hata bajeti: mwalimu mmoja wa historia, wanafunzi thelathini, kamba, daftari, Jumamosi tatu. Waende kwa wazee wa kijiji chao waulize hapa palikuwa na orwaki, palikuwa na ekesarate, ni wapi. Wapime. Wachore. Waandike aliyesema na lini. Wakikosea, aliyesoma zaidi atakuja kuwasahihisha, lakini atakuwa na kitu cha kusahihisha. Na vyuo, ambavyo vimefungua kampasi hadi juu ya maduka ya viatu, vipeleke wanafunzi kwanza mahali ambapo nauli yake hata maskini wa darasa anaweza kuilipa. Asiyekwenda asipewe alama za kwenda. Mimi ninyang'anywe zile 24, nitazirudisha kwa furaha, zikiambatana na barua.

Kuna mhadhiri mmoja, si wa chuo changu, niliyemweleza haya akaniambia kwa upole kwamba bila utaalamu vijana wataharibu ushahidi. Kweli, wanaweza. Lakini huku kwetu ushahidi unaharibiwa kwa jembe na toroli kila siku ya wiki isipokuwa Jumamosi, kwa sababu baba mdogo ni Msabato. Wataalamu walikuwa na miaka sitini tangu uhuru waje. Njia ya Manga ina lami.

Tulizungumza tena na baba mdogo, mara hii bila mahubiri. Nilipeleka mkate na majani ya chai. Ana oda ya matofali 3,000 ya mtu anayejenga Nyansiongo, anayataka kabla ya Desemba, na udongo uliobaki wa maana ni wa zile hatua kumi na sita. Hakunikatalia. Alipiga hesabu kwa kijiti chini pale tanurini: tofali moja shilingi 12, elfu tatu ni 36,000. Akasema nikimletea hiyo, atatafuta udongo mtoni, ingawa ni mbaya na toroli litakufa. Nikimletea nusu, atakata nusu.

Nimerudi kwenye insha za watu. Wiki iliyopita niliandika kuhusu Machu Picchu, na ukuta sikuugusa. Kufikia leo nimeshalipia matofali 400. Wahariri wa hapa wakinilipa kwa wakati, itakuwa 480.